Kirundi cha Siri

Sehemu ya Kumi na Moja

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, mambo yalikuwa yamefika hapa.

Mektilda, binti wa katekista Wilbroad wa Kwihara, ana miaka sita kwenye ndoa na Karoli Manirambona wa Ulyankulu. Wazazi wa Karoli walitoka Burundi wakiwa wakimbizi. Uraia wa Tanzania wanao siku nyingi, na Kiswahili wanakijua vizuri tu. Lakini Nibizi, mama yake Karoli, aliapa siku ile ile mkaza mwana alipovuka kizingiti kwamba Kiswahili ni cha sokoni na ofisini. Jikoni kwake ni Kirundi.

Miaka sita Mektilda amekaa katika jiko hilo kama kiziwi. Alipomwomba mumewe amfundishe, Karoli alicheka. "Utazoea tu."

Hakuzoea. Akajifunza kwa siri, kwenye simu, kwa video za mwalimu mmoja wa YouTube asiyeonyesha uso. Unaona mkono, chaki na ubao mweusi, basi. Sauti ni ya kike, ya upole. Jina hajitaji, wanafunzi wake wote wanamwita Mwalimu.

Tulimwacha Alhamisi akichambua maharage, masikio wazi, huku Nibizi na binti yake Dafrosa wakizungumza kwa furaha ambayo si ya kila siku. Mektilda alinasa vitu viwili. Jina la mumewe, na neno "ubukwe". Mara tatu.

Alifurahi, masikini.

Kwa akili yake ubukwe ni ukwe. Hata kwenye Kinyamwezi cha kwao Kwihara lipo neno linalofanana na hilo, nalo linahusu wakwe. Akajiambia, leo wananizungumzia mimi na watu wa kwetu. Labda wanapanga kwenda kumwona baba, ili ndoa hii iliyofungwa kimila ipelekwe kanisani kama Karoli alivyoahidi.

Hata hivyo alibonyeza kurekodi, simu ikiwa ndani ya kanga. Ndiyo yalikuwa mazoea yake. Anarekodi maongezi kidogo, kisha anajificha na kuyasikiliza neno kwa neno, akilinganisha na daftari lake.

"Mama, nioshe na hivyo vyombo?" akauliza.

Nibizi hakumtazama. Alimwambia Dafrosa kitu kwa Kirundi, wakacheka wote wawili.

Hapo alielewa neno moja. Umukazana. Mkaza mwana. Yaani yeye.

Darasa lake lilikuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Mtandao unashika pale, na tumbaku ikiwa bado shambani hakuna mtu anayepita. Akachomeka waya masikioni, akafungua video mpya. Somo la thelathini na moja, familia na sherehe.

Mkono ule ukaandika ubaoni.

"Wanafunzi wangu, hapa Waswahili wengi mnateleza," sauti ikasema. "Ubukwe si ukwe. Ubukwe ni harusi. Haya, semeni nami, ubukwe bwiza. Harusi njema."

Mektilda hakusema naye.

Aliirudisha video nyuma. Harusi. Akairudisha tena. Harusi. Akairudisha mara ya tatu, mpaka ujumbe ukaingia kwamba bando lake linakaribia kwisha.

Yeye na Karoli hawakuwa na harusi yoyote waliyopanga. Basi ya nani?

Sasa hapa ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo analiungama akiwa ameinamisha uso.

Tangu somo la kumi na mbili alikuwa akimwandikia Mwalimu kwenye namba ya WhatsApp iliyowekwa chini ya video. Mwanzoni yalikuwa maswali ya masomo tu. Mwalimu alijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa subira, na kila mara alimsifu. Mtu ambaye hajasifiwa miaka sita, mwambie tu "umejitahidi", atakumwagia yote yaliyo moyoni. Mektilda aliyamwaga. Alieleza habari za mama mkwe asiyeitikia shikamoo. Alieleza habari za wifi anayemwaga chumvi kwenye mboga aliyopika yeye, ili watu wamcheke mezani. Alieleza habari za mume anayekwenda Tabora mjini kila wiki na kurudi akinukia sabuni isiyo ya nyumbani kwake.

Hakutaja jina la mtu wala la kijiji. Mwalimu naye hakuuliza.

Siku hiyo akamtumia rekodi nzima.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba unitafsirie. Nahisi wanazungumzia harusi ya mume wangu."

Tiki mbili zikageuka buluu. Mwalimu amesikiliza.

Jibu lilikuja kwa maandishi, si kwa sauti.

"Mumeo anaitwa nani?"

"Karoli."

"Karoli nani?"

"Manirambona, wa Ulyankulu. Mwalimu, wanasemaje?"

Mwalimu akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mwishowe mistari miwili ikaingia.

"Wanazungumzia mbegu za tumbaku. Futa hiyo rekodi."

Mektilda akaisikiliza rekodi yake upya. Mbegu hazikuwemo. Tumbaku haikuwemo. Maneno yote mawili aliyajua, na aliyemfundisha ni Mwalimu huyo huyo, somo la tisa.

Akaandika, "Mwalimu, mbona umenifundisha mwenyewe leo kwamba ubukwe ni harusi?"

Tiki moja. Ile picha ya ubao mweusi ikatoweka kwenye kiduara chake.

Ameblokiwa.

*

Jumamosi asubuhi Karoli alirudi kutoka mjini. Hakuingia chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, na baada ya nusu saa Dafrosa akaja kusimama mlangoni kwa Mektilda.

"Unaitwa."

"Na nani?"

"Na watu."

Sebuleni alimkuta Nibizi, Karoli, na mzee Revocatus, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo. Daftari la jumuiya lilikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, keti," akasema Revocatus. Ni yeye peke yake aliyeitika. Akakohoa. "Mama Karoli ameleta shauri. Anasema una mwanamume kwenye simu."

Mektilda alidhani hakusikia vizuri. "Nina nini?"

"Usijifanye," Dafrosa akarukia. "Mara nne nimekukuta nyuma ya bani, waya masikioni, unachekea simu peke yako. Jumanne nikasogea. Mzee, nilimsikia kwa masikio yangu haya. Anasema 'ndagukunda cane'. Nakupenda sana! Anarudia, anarudia, hata mara kumi. Mtu wa Kwihara huyu, asiyejua hata salamu yetu, leo mapenzi ya Kirundi amefundishwa na nani kama si bwana?"

Mektilda alifumba macho. Somo la ishirini na tisa, hisia. Jumanne alikuwa akifanya zoezi lake.

"Lilikuwa somo," akasema.

"Somo la kumpenda nani?"

Aliyeuliza ni Nibizi, na aliuliza kwa Kiswahili. Miaka sita Mektilda hajawahi kusikia Kiswahili kutoka kwenye kinywa hicho ndani ya nyumba hiyo. Kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwenyekiti.

Kisha bibi huyo akamgeukia mwanawe na kurudi kwenye lugha yake. Aliongea polepole, bila kushusha sauti, kama mtu anayeongea mbele ya ng'ombe. Alisema shauri hili ni zuri, Mungu amelileta kwa wakati wake. Alisema padre akiuliza, watakuwa na la kumjibu. Alisema huyu aende zake kabla ya mwezi kwisha, nyumba ipakwe chokaa.

"Ndabumva," akasema Mektilda.

Nibizi akamgeukia.

"Nawasikia," akarudia kwa Kiswahili. "Nimekuwa nikiwasikia tangu Krismasi. Chokaa mtaipaka wakati gani, mama? Kabla ya ubukwe au baada yake?"

Dafrosa alifunika mdomo kwa kiganja. Ungeona macho yao yanavyohangaika, kila mmoja akipekua kichwani yale aliyoyasema jikoni miezi mitano, mbele ya mtu aliyemdhania kiziwi. Karoli ndiye aliyepauka zaidi.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Mwanamke. Mwalimu wa kwenye video."

"Tuonyeshe."

Moyoni Mektilda alikuwa na uhakika. Masomo thelathini na moja yako pale, kila mtu ataona. Akafungua simu, akabonyeza somo la ishirini na tisa, akamsogezea mwenyekiti kioo.

Video hii haipatikani.

Akabonyeza la thelathini. Haipatikani. Akabonyeza la kwanza kabisa, lile la salamu. Haipatikani. Chaneli nzima ilikuwa tupu.

"Ehe," Dafrosa akacheka. "Mwalimu kayeyuka?"

"Zilikuwepo juzi! Mzee Revocatus, juzi tu zilikuwepo."

"Mwanangu," mzee akasema kwa huruma iliyokwisha kuhukumu, "simu hizi zina mambo mengi. Ungeungama tu."

Hapo Mektilda akakumbuka. Ukimbloku mtu humnyang'anyi yale uliyomtumia zamani. Akaingia WhatsApp, akapandisha juu mpaka Jumanne, akaongeza sauti hadi mwisho.

"Hongera, mwanafunzi wangu," simu ikasema, sebule ikajaa sauti ile ya upole. "Unajitahidi sana. Ila hiyo 'cane' hatuisomi kama inavyoandikwa, sema 'chane'. Ndagukunda chane. Irudie mara kumi, kesho unitumie nisikie."

Mzee Revocatus aliinua nyusi. "Lakini huyu ni mwanamke," akasema. "Na kweli anafundisha."



Dafrosa alikuwa amesimama tayari, mkono umenyooka kuelekea kwenye simu. Nibizi alikuwa ameshika ubavu wa kiti chake. Na Karoli alikuwa akitazama sakafu, masikio yamemwiva.

Mektilda akawatazama mmoja mmoja. Ndipo akaelewa kwamba sauti ile haikuwa ngeni kwa yeyote kati yao.

"Unamjua," akamwambia mumewe. "Karoli, huyu unamjua. Ni nani?"

Karoli aliinuka na kuichukua simu mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayemsaidia. Akagusa kioo mara mbili tatu. Akamrudishia. Mazungumzo yote na Mwalimu yalikuwa yamefutwa.

"Mbona umefuta?" akauliza Revocatus.

"Ni mambo ya nyumba yangu, mzee."

"Lakini mimi nimesikia..."

"Mzee umesikia nini?" Nibizi akamkatiza.

Sasa, Karoli ni karani wa kupima tumbaku kwenye chama chao cha msingi. Tumbaku ya mzee Revocatus inapita kwenye mzani wake kila msimu. Mzee alimtazama karani, akamtazama Mektilda, akafungua daftari lake na kulifunga.

"Masikio yangu siku hizi hayanisaidii," akasema. Akachukua kofia, akaondoka bila kuaga.

Dafrosa hakuweza tena kujizuia. Ushindi ulikuwa umemjaa mdomoni.

"Anaitwa Esperansi, kama unataka kujua. Na ni mwalimu kweli, si mshona viraka kama wewe. Mwezi ujao anaingia nyumba hii kwa pete na padre. Wewe ulipata lini pete?"

"Karoli," Mektilda akaita. Hakupaza sauti. "Sema neno moja tu."

Mumewe akalisema.

"Genda."

Nenda. Miaka sita alimwomba amfundishe lugha yake. Hilo ndilo neno la kwanza la Kirundi ambalo Karoli aliwahi kumwambia.

Alitoka na begi moja. Cherehani yake, aliyokuja nayo kutoka kwao, Nibizi aliiwekea mguu mlangoni. "Hii haitoki. Imekula hapa miaka sita," akasema.

*

Kwihara, baba yake hakuuliza amekula nini wala amekujaje.

"Umekuja na ruhusa ya mumeo?"

"Amenifukuza, baba."

"Wameshanipigia simu. Nimesikia habari za huyo bwana wa kwenye simu." Mzee Wilbroad alikuwa akipiga pasi kanzu yake ya ibada, na hakuiacha. "Mimi nawafundisha watoto wa watu amri za Mungu. Kesho mchana utarudi Ulyankulu ukapige magoti."

"Hutaki kunisikia kwanza?"

"Magoti, Mektilda."

Jumapili, baba yake alipotangulia kanisani, yeye alishika njia ya mjini.

Mtauliza, atampata wapi mtu asiyemjua uso? Somo la kumi na tano lilikuwa la kuelekeza njia, na Mwalimu alitumia mfano wa kwake mwenyewe. Kutoka geti la hospitali ya Kitete, vuka barabara, wapite wauza matunda, kunja kushoto, nyumba ya tatu, geti la kijani. Sentensi hizo Mektilda alikuwa ameziandika kwenye daftari na kuzikariri mpaka anaziota. Sasa alizitembea, moja baada ya nyingine, mpaka geti la kijani likawa mbele yake.

Alibisha. Mlango wa ndani ukafunguliwa kidogo, mkono ukashika ukingo wake.

Mkono ndio alioutambua. Vidole virefu, na kovu dogo juu ya kidole gumba, lile ambalo amelitazama masomo thelathini na moja.

"Karibu, nikusaidie nini?"

Sauti nayo ikawa ile ile. Lakini mwenye sauti alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mitano. Mdogo wake kabisa.

"Miezi mitano nimekuamkia shikamoo," Mektilda akasema. "Kumbe wewe ndiye ulipaswa kuniamkia mimi."

Esperansi alisukuma mlango. Mektilda akaingiza begi kwenye upenyo, na mguu nyuma ya begi.

"Toa mguu wako, nitapiga kelele."

"Piga. Piga kwa Kirundi, nitaelewa."

Walitazamana. Nje, muuza matunda alikuwa ameanza kugeuza shingo.

"Ingia basi," Esperansi akasema kwa hasira. "Majirani wana macho."

Chumba kilikuwa kidogo. Ubao ulikuwa ukutani, na mbele yake mti wa kushikia simu. Juu ya kiti palilazwa kitambaa cheupe cha gauni la harusi, kimeshakatwa tayari. Mektilda, fundi, aliona hata akiwa mlangoni kwamba kimekatwa vibaya, kitambana kifuani.

"Kwa nini umefuta masomo?"

"Video ni zangu. Nafuta nikitaka."

"Umefuta ili nikose ushahidi."

"Sikujua habari za ushahidi wowote!" Esperansi alikunja mikono. "Ulinitajia jina la Karoli nikachanganyikiwa, nikakubloku. Ijumaa nikampigia Dafrosa. Akaniambia wewe ni kichaa uliyetoroka, unatafuta mtu wa kumharibia, nifute kila kitu. Nikafanya."

"Ijumaa?"

"Ijumaa asubuhi."

Mektilda aliketi bila kukaribishwa. Kwa hiyo Dafrosa alijua. Jumamosi alisimama mbele ya mwenyekiti na kumtangaza kuwa ana bwana, huku akijua fika kwamba bwana huyo ni mwalimu wa kike wa Kitete.

"Nilitoroka na nani?" akauliza.

"Na dereva wa lori la tumbaku. Miaka miwili iliyopita. Mama Nibizi alikuja hapa na wazee wawili akawaeleza wazazi wangu, nao wakasema mwanamume aliyeachwa na mke hana kosa."

"Na mimi niliyekuwa nakueleza kila siku habari za nyumba hiyo, nilikuwa nani?"

"Mwanamke yeyote! Wakwe wabaya wamejaa nchi hii. Ningejuaje?"

"Sasa unajua."

Esperansi akatazama kile kitambaa cheupe.

"Twende kwa mwenyekiti wa jumuiya," Mektilda akasema. "Neno moja tu. Sema mimi ni mwanafunzi wako na lile lilikuwa zoezi. Mume simtaki, mchukue. Nataka jina langu. Baba yangu mwenyewe hanitazami usoni."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikikusafisha wewe, mimi nabaki nani? Mwizi wa mume wa mtu. Kadi zimeshatoka, baba yangu amewaalika watu mpaka Urambo." Sauti ile ya upole ilikuwa imekauka kabisa. "Ulikuwa mwanafunzi wangu bora, sikatai. Lakini siwezi kujichafua kwa ajili yako. Jitetee mwenyewe, Kirundi unakijua."

Mektilda angeweza kumrarua. Alikiri baadaye kwamba mkono wake uliufikia mkasi uliokuwa juu ya kitambaa kile, akaushika, akauweka chini.

"Karoli mwenyewe umemwuliza?" akasema.

"Nini?"

"Mke wake yuko wapi. Umemwuliza kwa kinywa chako?"

Esperansi akatazama pembeni. "Jambo la aibu kama hilo, nilimhurumia."

"Umemwogopa. Ulimpigia wifi, hukumpigia yeye." Mektilda akaelekeza kidole kwenye simu. "Mpigie sasa hivi, umwone uso. Mwambie padre anauliza. Mimi nitasimama pale ukutani nisitoe hata pumzi. Akisema alinifukuza jana, nitaondoka na hutaniona tena. Akisema nilitoroka na dereva, nitaondoka vile vile, nitajua mmelingana."

"Na akisema jingine?"

"Jingine lipi? Hakuna jingine."

Esperansi akauma mdomo. Kisha akachukua simu, akaiweka kwenye mti wake mbele ya ubao, akapiga kwa video. Mektilda alijibana ukutani, upande ambao simu haimwoni. Kutoka pale aliuona uso wa Karoli ukitokea kwenye kioo, ukitabasamu kwa namna ambayo hajaiona tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Waliongea Kirundi. Mektilda hakuhitaji daftari.

Karoli akauliza, amesali? Amesali. Gauni limeisha? Bado. Kisha Esperansi akasema padre amemsimamisha baada ya misa na kumwuliza kuhusu ndoa ya kwanza ya mchumba wake. Anataka kujua yule mwanamke yuko wapi.

Tabasamu likakwama. Karoli akatazama nyuma yake, akasogea mahali pengine, akasafisha koo.

"Yarapfuye," akasema.

Alikufa.

Esperansi hakugeuza shingo. Akauliza, kwa sauti ile ya darasani, "Lini?"

Miaka miwili imepita, Karoli akasema. Homa. Alikuwa hapendi kulizungumza, ndiyo maana mama aliwaambia watu habari za kutoroka, ili asiulizwe maswali ya msiba.

"Mlimzika wapi?"

Kwao, Kwihara. Na mtu huyo, ambaye miaka sita hakupata nafasi ya kumweleza mkewe hata jambo dogo, sasa akaanza kueleza. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kaburi likajaa maji, wakangoja wakiyachota kwa ndoo. Jeneza hakumwachia mtu, alilibeba yeye mwenyewe, mikononi, kutoka nyumbani mpaka makaburini. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kutetemeka kule kulikuwa kwa kweli.

"Mikononi?" akauliza Esperansi. "Jeneza la mtu mzima?"

Mektilda aliishika midomo yake kwa viganja vyote viwili.

Mvua ile ilinyesha kweli. Kaburi lilijaa maji kweli, na Karoli alilibeba jeneza kweli, peke yake. Lilikuwa dogo. Mwenye jeneza alikuwa mtoto wao wa siku tisa, ambaye tangu siku hiyo Karoli hakuwahi kumtaja tena kwa lugha yoyote.

Karoli alikuwa bado anaieleza mvua hiyo Mektilda alipotoka ukutani, akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya simu.